Land Rover Series III 2.25 ya petroli: injini imefungwa upya, lakini presha ya oili inashuka ikipata moto

LandiYaNjoro (Nakuru)

Habari zenu mafundi. Naomba ushauri kabla sijashusha injini mara ya pili.

Gari ni Land Rover Series III 109 ya 1976, injini ya petroli ya 2286 cc, ile ya meni tatu (beringi kuu za krenki). Imefunguliwa yote na kufungwa upya: krenki imesagwa saizi 20 (imepunguzwa inchi 0.020) kwenye meni na kwenye konrodi, beringi mpya, pistoni na ringi mpya, vali zimesagwa, gasketi zote mpya. Pampu ya oili ni ile ya zamani, imeoshwa tu. Kamshafti haikuguswa kwa sababu fundi aliitazama akasema iko sawa. Oili ni 20W-50, na kiwango kiko kwenye alama ya juu ya kijiti.

Asubuhi injini ikiwa baridi geji inasoma 60 psi. Nikifika Nakuru mjini bado iko 40 hivi. Shida inaanza nikipita Salgaa na kuanza kupanda kuelekea Mau Summit. Inateremka kidogo kidogo, na nikisimama kule juu injini ikinguruma bila kukanyagwa, taa ya oili inapepesa na sindano iko karibu na sufuri. Nikigusa mafuta kidogo taa inazima. Haigongi, haitoi moshi. Geji ni ya umeme, ya bei nafuu, imefungwa kwa T pale kwenye swichi ya taa.

Aliyeifunga anasema nisijali, injini mpya hujikaza yenyewe baada ya kilomita elfu moja. Mwingine anasema niweke oili nzito zaidi. Je, huku juu hewa ni nyepesi, inaweza kuwa ndiyo sababu? Nianzie wapi?

FundiKibuye (Kisumu)

Ringi hujilaza kwenye silinda baada ya kilomita kadhaa, hilo ni kweli. Beringi hazijikazi hata siku moja. Uwazi uliofunga nao ndio mdogo kuliko wote utakaowahi kuwa nao, baada ya hapo unapanuka tu. Kwa hiyo hayo ya kilomita elfu moja yaweke kando.

Hewa nyepesi pia iondoe kwenye orodha. Geji hupima tofauti kati ya presha ya ndani ya mfereji na hewa ya nje, na hiyo tofauti haijui kama uko Kisumu au Timboroa. Kinachobadilika kwa mwinuko ni maji. Nakuru maji yasiyo na kifuniko huchemka karibu nyuzi 94, na kule Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni kama nyuzi 91. Kifuniko cha rejeta kikiwa hakishiki presha yake, kwenye ule mlima injini inakaribia kuchemka, oili nayo inakuwa nyepesi kama maji. Angalia kifuniko, na uulize kama thamostati iliondolewa. Wengi huitupa wakidhani wanaisaidia injini.

Sasa kazi yenyewe. Usifungue chochote kabla ya kupata vipimo vya kuaminika. Geji ya umeme si shahidi mzuri, hasa ikiwa uzi wake umezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba: sensa hupata ethi kupitia uzi huo huo, na tepu inaikatia njia. Tafuta geji ya mekanika, ile yenye bomba jembamba linalopeleka oili yenyewe hadi kwenye sindano, ya 0 hadi 100 psi. Toa swichi ya taa uifunge pale pale. Linganisha uzi kwanza. Uzi wa Kiingereza wa 1/8 una meno 28 kwa inchi, wa Kimarekani una 27. Wa aina moja ukiuingiza kwenye tundu la mwingine unaingia vizuri mizunguko miwili mitatu halafu unagoma. Ukilazimisha hapo umeharibu kichwa cha filta.

Andika vipimo vinne: baridi bila kukanyaga, baridi kwenye mizunguko 2000, moto bila kukanyaga, moto kwenye 2000. Moto ninaomaanisha ni baada ya kuendesha angalau nusu saa. Geji ya maji ikifika katikati, oili bado iko nyuma.

Kitabu cha gari hilo kinataka psi 35 hadi 65 injini ikiwa moto na gari likienda maili 30 kwa saa kwenye gia ya nne. Kwa 109 yenye matairi ya 7.50-16 hiyo ni karibu mizunguko 1750 kwa dakika, ndiyo maana nakwambia upime kwenye 2000. Bila kukanyaga, mtu akipata 15 alale usingizi. Chini ya 10 swichi inaanza kukaribia mahali pa kuwasha taa.

Ukishapata hizo namba nne, zenyewe zitakuelekeza. Ikiwa presha ni mbaya baridi na moto, tafuta kitu kikubwa: vali ya presha imekwama wazi, plagi ya mfereji mkuu wa oili haikurudishwa, au pampu inavuta hewa. Sindano inayorukaruka ni hewa, na hapo tazama kichujio cha pampu ndani ya sampu (beseni la oili chini ya injini) kabla ya kitu kingine. Ikiwa baridi ni nzuri na moto ni mbaya kwenye mizunguko yote, ama oili ni nyepesi kuliko unavyodhani ama kuna mahali inatorokea.

Na kabla ya hayo yote, chomoa kijiti unuse. Pampu ya petroli ya injini hii ni ya mekanika, iko ubavuni mwa bloku na inasukumwa na kamshafti. Dayaframu ikipasuka, petroli inaweza kuteremkia kwenye sampu. Utaona kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka. Choki iliyokwama kwenye kabureta hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Oili yenye petroli haipimwi, inamwagwa.

MlimaWaMau (Molo)

Mimi ningeweka 25W-60 na washa moja nyuma ya springi ya vali ya presha, mambo yaishe. Landi za zamani ndivyo zilivyo.

LethiNaMaikromita (Eldoret)

Mkuu wa Molo, hiyo washa haitamsaidia, na nitaeleza kwa nini kwa sababu ushauri huu unazunguka sana.

Vali ya presha kwenye pampu ya Land Rover ni gololi, plunja na springi, zimefungwa kwa plagi ubavuni mwa pampu. Kazi yake ni kuweka dari. Presha ikipita kiwango fulani gololi inainuka, oili ya ziada inarudi kwenye sampu. Injini ikiwa moto na presha iko 8, gololi imekalia kiti chake, haijainuka hata kidogo. Ukaze springi upendavyo, mlango uliofungwa tayari hautafungika zaidi. Utakachobadilisha ni asubuhi: oili ikiwa nzito na baridi, dari iliyopandishwa itasukuma presha hadi sili ya bakuli la filta iteme, na gia inayoendesha pampu itabeba mzigo ambao haikuundiwa. Kitu pekee cha kukagua pale ni kama gololi inakaa sawasawa. Kipande cha silikoni ya gasketi kikikwama kwenye kiti, una tundu lililo wazi saa zote. Hapo huongezi kitu, unasafisha.

Kuhusu oili nzito: 20W-50 ikiwa na nyuzi 100 ina uzito wa kati ya 16.3 na 21.9 kwa kipimo cha senti-stoki, na oili yoyote ya 30, kama 5W-30 ya magari ya kisasa, iko kati ya 9.3 na 12.5. Kwa hiyo kama kuna aliyekuongezea chupa mbili za 5W-30, hilo peke yake linaelezea mengi. Lakini kama kweli ni 20W-50 halisi ndani, kupanda hadi 60 ni kuficha namba tu. Mvujo unabaki, na asubuhi oili inachelewa kufika kwenye roka.

Sasa jambo lenyewe. Pampu haitengenezi presha. Inasukuma oili, na presha ni ule ugumu oili inaoupata ikijipenyeza kwenye nyufa za beringi. Oili inayopita kwenye ufa huongezeka kwa uwazi uliozidishwa wenyewe mara tatu. Uwazi ukitoka thau 2 (thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi) ukawa 3, mvujo haukuongezeka nusu, umepita mara tatu. Ukiwa 4 ni mara nane. Beringi moja mbaya inatosha kuinyima injini nzima.

Shingo ya meni (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) ya injini hiyo, kabla ya kusagwa, ina kipenyo cha inchi 2.5, na ya konrodi ni inchi 2.31 hivi. Kanuni ya karakana ni thau 1 ya uwazi kwa kila inchi ya kipenyo. Kwa hiyo meni yenye 1.5 hadi 2.5 ni safi. Ikifika 3.5 hupati presha moto hata ufanye nini.

Nina maswali manne. Krenki ilipimwa kwa maikromita baada ya kusagwa, au ilisagwa tu na beringi zikanunuliwa kwa jina la saizi? Mgongo wa kila beringi una chapa: 020 ni saizi 20, STD ni ya kawaida. Boksi linaweza kusema 020 na ndani mkakuta seti mbili zimechanganyika. Je, kepi za meni zilirudi kila moja mahali pake na upande wake? Kuna mtu alisugua kepi kwenye msasa ili "kukaza"? Kepi iliyosuguliwa inafanya tundu kuwa na umbo la yai: juu na chini panabana, pembeni pako wazi na oili inamwagika. Na la mwisho, kuna mtu aliweka karatasi ya sigara au ya bati nyuma ya beringi? Usicheke, inafanyika sana. Beringi inapoza kwa kugusana na chuma kilicho nyuma yake. Karatasi ikiingia hapo, joto halina njia.

Datsun_Bungoma

Samahani kuingilia. Nina Datsun 1200, injini ya A12, dalili ni hizo hizo. Nayo ni hadi kushusha sampu?

FundiKibuye (Kisumu)

Hapana, wewe una bahati. Pampu ya A12 iko nje, ubavuni mwa bloku, na filta inakaa juu yake. Unafungua bolti unaitoa na kuipimia mezani. Ukiirudisha ijaze oili na uzungushe shafti yake kwa mkono, maana ikiwa kavu inaweza kushindwa kuvuta. Vipimo vya geji ni vile vile nilivyomwambia mwenzako. Fungua mada yako tafadhali, tusimchanganye huyu.

LandiYaNjoro (Nakuru)

Asanteni. Nimefunga geji ya mekanika na hizi ndizo namba:

Baridi, bila kukanyaga: 55
Baridi, 2000: 62
Moto, bila kukanyaga: 7
Moto, 2000: 23

Sindano imetulia, hairuki. Oili hainuki petroli na kiwango hakijapanda. Ni 20W-50 kutoka dumu moja, hakuna iliyoongezwa. Thamostati ipo. Kifuniko cha rejeta kilikuwa kimekufa sili, nimeweka kipya, na namba za moto hapo juu ni baada ya kukibadilisha.

Karakana ya mashine ilitoa karatasi ya vipimo vya krenki: meni zote tatu zimepungua thau 20 kamili, konrodi vivyo hivyo, hakuna iliyopishana zaidi ya nusu thau. Aliyefunga anasema aliona chapa ya 020 kwenye kila beringi. Kepi anasema hazikusuguliwa. Sina njia ya kuthibitisha hilo bila kufungua.

FundiKibuye (Kisumu)

Namba nzuri, kwa maana kwamba zinasema jambo moja tu. 62 ikiwa baridi inamaanisha vali inafika kwenye dari yake na pampu inavuta. Hewa haiingii. Kwa hiyo ni mvujo, na uko ama ndani ya pampu yenyewe ama mahali fulani mbele yake. Sasa sampu inashuka, injini ikibaki garini.

Kwanza shika filta uliyoitoa. Ni ya karatasi, ndani ya bakuli, kwa hiyo huna haja ya kukata kopo. Vuta mikunjo uifungue juani. Vumbi la kijivu linaloshikwa na sumaku ni la ringi na silinda, na kwa injini mpya si ajabu. Magamba membamba yanayong'aa, yasiyoshikwa na sumaku, ni uso wa beringi. Ukiona rangi ya shaba, beringi imeshakwisha hadi tabaka la ndani na huna haja ya kipimo kingine. Ukirudisha bakuli, toa sili ya zamani kutoka kwenye mfereji wake kwa sindano ya kushonea magunia. Huwa inajificha pale juu, mpya inawekwa juu yake, na asubuhi oili yote iko chini.

Pampu: inashikwa na bolti mbili. Fungua mwili wake, osha kwa petroli, weka rula ya chuma juu ya gia na upitishe fila geji (vibati vya kupimia nafasi) chini yake. Gia ya chuma inataka thau 2 hadi 5 za nafasi ya juu, gia ya aluminiamu 3 hadi 6. Kati ya meno na ukuta wa pampu ni thau 1 hadi 4. Tazama pia kifuniko: gia zikiwa zimechimba duara mbili unazoweza kuzisikia kwa ukucha, kisugue kwenye msasa laini uliolala juu ya kioo mpaka kiwe tambarare. Kepi za meni usiziguse kwa msasa, lakini kifuniko cha pampu ndipo mahali pake. Ukikaza kichujio, kiwe sambamba na kitako cha sampu, si kimeinama upande, kisha pinda kile kibati cha kufungia nati.

Sasa kipimo kinachomaliza ubishi. Tafuta bomba la kupulizia dawa shambani, la mgongoni, la lita 16 au 20. Liwe jipya, au ambalo halijawahi kubeba dawa ya kupe. Na lisiwe na tone la maji. Ondoa ncha yake, unganisha hozi kwenye tundu la swichi ya oili. Ndani weka oili nyepesi, kama ile ya giaboksi za otomatiki, kwa sababu 20W-50 ikiwa baridi itavuja kidogo na kukudanganya kuwa kila kitu ni sawa. Pampu ikiwa imefungwa mahali pake, sampu iko chini, toa kifuniko cha cheni ya taimingi mbele na vifuniko vya pembeni vya bloku. Tandika maboksi, lala chini na tochi, mtu mwingine apige bomba mpaka ufike kama 20 hadi 30 psi. Iweke hapo.

Utaona injini inavuja kila mahali, usishtuke, ndivyo ilivyoundwa. Unachotafuta ni tofauti. Beringi nzuri inatoa matone yanayofuatana, au uzi mwembamba unaokatika. Beringi iliyolegea inamwaga mkondo usiokatika, unaupiga kwa tochi unaona unang'aa kama kamba. Isiyotoa chochote imeziba, na hiyo ni mbaya kuliko inayomwaga. Zungusha krenki robo mzunguko, tazama tena, mpaka umalize mizunguko miwili. Tundu la krenki likikutana na tundu la beringi mvujo unaongezeka kwa muda, usimhukumu mtu kwa mkao mmoja. Kichujio cha pampu nacho kitadondosha, kwa sababu oili inarudi nyuma kupitia gia. Kikidondosha ni kawaida, kikimimina ni pampu.

LethiNaMaikromita (Eldoret)

Nakubaliana na yote. Naongeza kwamba ukiwa chini, weka Plastigauge (uzi laini wa plastiki unaobanwa kupima uwazi wa beringi) kwenye meni ya kati na konrodi moja. Futa oili yote, laza uzi kwenye shingo kavu, kaza kepi kwa toki ya kitabu, usizungushe krenki hata kidogo, fungua, linganisha upana na kadi. Jambo moja ambalo watu husahau: injini ikiwa garini, krenki inaning'inia kwenye kepi zilizobaki, na kipimo chako kitakuwa kidogo kuliko ukweli. Inua krenki kwa jeki ndogo na kipande cha mbao chini ya uzito wake wa kusawazisha ulio jirani, ikalie beringi ya juu, ndipo upime.

Na umwangalie sana huyo kamshafti ambaye "alitazamwa" tu. Macho hayapimi thau.

LandiYaNjoro (Nakuru)

Nimemaliza, na nilikuwa na fundi mwingine kando yangu.

Filta: vumbi la kijivu kidogo, hakuna rangi ya shaba.
Pampu: gia ya chuma, nafasi ya juu thau 4, pembeni 2. Kifuniko hakina mchimbo.
Gololi safi, kiti safi.
Plastigauge: meni ya kati thau 2, konrodi namba 3 thau 2 na kidogo. Chapa za beringi ni 020 kweli. Kepi hazina alama ya msasa.
Bomba la dawa, kwenye 25 psi: meni na konrodi zote zinadondosha kwa namna moja. Kichujio kinadondosha polepole. Lakini beringi ya mbele ya kamshafti inamwaga mkondo nyuma ya gia ya cheni, hata tulilazimika kukinga kwa sufuria. Ya pili kutoka mbele nayo inamimina, oili inateremka ukutani ndani ya bloku. Mbili za nyuma ni afadhali. Pia tenshona ya cheni (kifaa cha kuikaza cheni) inatema oili kuzunguka pistoni yake.

Kwa hiyo kazi ya krenki ilikuwa nzuri? Naweza kubadilisha beringi za kamshafti injini ikiwa garini?

LethiNaMaikromita (Eldoret)

Krenki iko vizuri, aliyeisaga alifanya kazi yake. Pampu pia iache. Ulichofanyiwa ni nusu ya kazi: sehemu ya chini imekazwa, kamshafti ikaachwa na uwazi wa zamani, na oili inachagua njia rahisi. Tenshona inachangia. Badilisha zote mbili, ukibadilisha tenshona peke yake utapata psi mbili tatu na kukata tamaa.

Garini haiwezekani kwa namna ya kuaminika. Kamshafti yenyewe inaweza kuchomolewa kwa mbele ukitoa rejeta na grili, baada ya kushusha hedi na kutoa tapeti, maana ni za rola na hazitoki kwa chini. Lakini beringi zake nne, zikishapigwa ndani ya bloku, lazima zipitishwe rima (kifaa cha kukata tundu hadi kipimo kamili) kwa mstari mmoja, zote kwa shafti moja ndefu, na rima inatoa unyoya wa chuma unaoangukia ndani. Krenki yako mpya haifai kuwa chini ya mvua hiyo. Injini itoke, krenki itoke, bloku lirudi kwenye karakana likiwa tupu.

Mambo ya kumsimamia fundi wa mashine, na usimame naye kweli. Tundu la kila beringi likae sawa na tundu la oili la bloku. Kabla hajaingiza rima, pitisha waya au kipande cha spoku kwenye kila tundu, kiingie bila kukwaruza ukingo. Beringi ikigeuka milimita mbili tu inaziba njia, na ukiwasha injini utaona presha nzuri ajabu kwenye geji huku roka zikikauka. Ndiyo sababu namwogopa anayefurahia geji peke yake. Shingo za kamshafti zipimwe kwa maikromita kabla ya rima, si baada. Kama shingo zimelika, rima ya saizi ya kawaida itakurudisha pale pale ulipo leo. Lenga uwazi wa thau 1 hadi 2.5.

Kisha plagi zote za mfereji mkuu zitoke, mbele na nyuma. Pitisha brashi ndefu ya kuoshea bunduki, maji moto na sabuni, halafu hewa ya kompresa, halafu kitambaa cheupe kwenye waya mpaka kitoke cheupe. Rudisha plagi zikiwa na gundi ya uzi, na uzihesabu. Matundu ya krenki yaoshwe vile vile, hata kama yalioshwa mara ya kwanza. Beringi za meni na konrodi zilizopo unaweza kuzirudisha kama uso wake hauna mikwaruzo, kila moja mahali pake, kwa hiyo ziandike nyuma kwa kalamu ya wino wa kudumu zinapotoka.

Shafti ya roka pia itoe uitazame upande wa chini. Ukucha ukishika ngazi, ibadilishe pamoja na bushi. Huo ni mvujo mwingine, na huwa unaleta moshi wa asubuhi kupitia gaidi za vali (bushi zinazoongoza mashina ya vali).

LandiYaNjoro (Nakuru)

Nimeelewa. Na kuwasha mara ya kwanza? Mara iliyopita walipiga stata tu mpaka ikawaka.

FundiKibuye (Kisumu)

Safari hii bomba la dawa likufanyie kazi ya pili. Osha ile oili nyepesi iishe, jaza 20W-50, na kabla ya kufunga kifuniko cha roka sukuma oili kupitia tundu la swichi huku mtu akizungusha krenki polepole kwa spana mbele. Endelea mpaka uone oili inachuruzika kwenye kila roka. Ikiwa kuna roka moja kavu, usiwashe.

Pampu ijazwe oili kabla ya kufungwa, na bakuli la filta lijazwe pia. Toa plagi zote nne za cheche, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi hivi ukiipumzisha, mpaka geji ya mekanika ipande. Bila mgandamizo kwenye silinda, beringi hazina mzigo wakati huo. Rudisha plagi, washa, na shikilia kama mizunguko 1500 kwa dakika chache, macho kwenye geji. Isipopanda ndani ya sekunde kumi, zima.

Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 100 hivi, ya pili kwenye 800. Kila mara fungua mikunjo ya filta kama ulivyofanya. Unyoya wa rima ukibaki mahali, filta ya kwanza ndiyo itakayokuonyesha, na ni heri uuone hapo. Ile geji ya umeme iondoe na hiyo T yake, swichi ya taa irudi mahali pake, na ya mekanika ifungwe kwa bomba la shaba lenye mzunguko mmoja wa kulegea kati ya bloku na bodi, kwa sababu injini inatikisika na bomba lililonyooka linakatikia kwenye nati.